Bei imetii pivoti, nami nimepata hasara: nimekosea wapi?

Muuza Barafu wa Langoni

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa barafu na samaki hapa Langoni, Lamu. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiweka sehemu ya faida ya msimu wa kaskazi katika hisa za Soko la Hisa la Nairobi, kwa sababu kusi inapoingia, bahari ikachafuka na mashua nyingi zikabaki ufuoni, fedha iliyokaa mkononi huisha bila mtu kujua imekwenda wapi. Hisa za benki na za bia nimeziacha kwa sababu zangu za dini, kwa hiyo uwanja wangu ni mwembamba, na ndiyo maana nilitaka angalau nijue bei ipi inafaa kununulia na ipi inafaa kuuzia.

Kupitia video za simu nilijifunza kukokotoa pivoti, yaani alama za bei zinazokisia mahali ambapo bei ya leo inaweza kusimama au kugeuka. Hesabu yenyewe ninaielewa: huchukua bei ya juu, bei ya chini na bei ya kufunga ya jana, nikazijumlisha na kugawanya kwa tatu, nikapata P. Mara mbili ya P, nikiondoa bei ya chini, hunipa ukinzani wa kwanza, R1, yaani bei ambapo kupanda hutarajiwa kukwama. Mara mbili ya P, nikiondoa bei ya juu, hunipa sapoti ya kwanza, S1, yaani bei ambapo kushuka hutarajiwa kuzuiwa. Kwa viwango vya pili, R2 na S2, huchukua tofauti ya bei ya juu na ya chini nikaijumlisha kwenye P au nikaitoa.

Nilijaribu kwa hisa ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Siku iliyotangulia bei ya juu ilikuwa 20.30, ya chini 20.00 na ya kufunga 20.15. Nilipata P ya 20.15, R1 ya 20.30 na S1 ya 20.00. Nilishangaa kuona R1 na S1 zimeangukia palepale zilipokuwa bei za juu na chini za jana, lakini nikajiambia kwamba ni sadfa tu. Nilinunua hisa 1,000 kwa 20.00, na baada ya siku nne nikaziuza kwa 20.30. Bei ilifanya yote niliyoyatarajia. Hata hivyo, taarifa ya akaunti ilipofika niligundua kwamba dalali alikata jumla ya asilimia 1.8 wakati wa kununua na asilimia 1.8 wakati wa kuuza, ada zote zikiwemo, na mimi nimetoka na upungufu wa shilingi 425 na senti 40. Mara ya pili nilichagua hisa ambayo hainunuliwi sana, nikaweka oda kwenye S1, na oda hiyo ikakaa wiki mbili bila kuguswa.

Naomba mwenye ujuzi anieleze kama kosa liko katika hesabu, katika hisa nilizozichagua, au katika pivoti zenyewe. Na je, ile sadfa ya R1 na S1 ilikuwa sadfa kweli?

Mstaafu wa Malindi

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Miaka mingi nilifanya kazi katika ofisi ya dalali Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Malindi, na malalamiko kama haya yako niliyasikia kutoka kwa wateja tangu wakati ambao chati zilichorwa kwa penseli.

Tuanze na fedha, kwa kuwa hapo hapana siri. Ulinunua kwa shilingi 20,000 na ukalipa ada ya 360, kwa hiyo hisa zako zilikugharimu 20,360. Ili ada ya kuuzia nayo ilipike na ubaki bila faida wala hasara, ulihitaji kuuza kwa 20.73 na ushei. Na kwa kuwa hisa za bei hiyo husogea kwa hatua za senti 5, bei ya kwanza ya kukuokoa ilikuwa 20.75. Hapo ungebaki na faida ya shilingi 16 na senti 50, ambayo kwa bei za mkahawani sasa sijui kama inatosha kikombe cha chai na hamri moja. R1 yako ilikuwa 20.30. Kwa maneno mengine, hata kabla ya kuweka oda, biashara hiyo ilikuwa haina faida popote ndani ya ramani uliyoichora.

Jambo la pili ndilo ambalo video nyingi hazilisemi, kwa kuwa watengenezaji wake wanazungumzia masoko mengine. Pivoti zilitumiwa tangu zamani na wafanyabiashara waliosimama ukumbini katika masoko kama ya Chicago, ambako soko kongwe la mikataba ya nafaka lilianzishwa mwaka 1848. Mtu aliyesimama katikati ya kelele hakuwa na kompyuta. Alihitaji namba tatu tu za jana na kipande cha karatasi, akaingia kazini akiwa na alama zake mfukoni. Katika hesabu ile, bei ya kufunga ilimaanisha mahali soko lilipokuwa limesimama kengele ilipogonga, yaani hukumu ya mwisho ya siku baina ya wanunuzi na wauzaji.

Sasa fungua orodha ya bei ya kila siku ya Nairobi uitazame vizuri. Utaona safu iliyoandikwa VWAP. Hiyo si bei ya mwisho kuuziwa hisa. Ni wastani wa bei zote za siku, kila bei ikipewa uzito kulingana na wingi wa hisa zilizouzwa kwayo, na ndiyo inayochukuliwa kuwa bei ya kufunga. Chukulia kwamba asubuhi zimeuzwa hisa 100,000 kwa 20.00, kisha muda mfupi kabla ya soko kufungwa saa tisa alasiri zikauzwa hisa 5,000 kwa 20.30. Mnunuzi wa mwisho amelipa 20.30, lakini wastani ni karibu 20.01. Ukitumia bei ya mwisho, P ni 20.20, R1 ni 20.40 na S1 ni 20.10. Ukitumia wastani, P inashuka hadi 20.10, R1 inakuwa 20.21 na S1 inakuwa 19.91. Ni siku ileile na hisa ileile, lakini S1 ya ramani ya kwanza iko mahali pamoja na P ya ramani ya pili. Mtu atakayenunua kwa ramani moja atakutana uso kwa uso na mtu anayengoja kwa ramani nyingine, na kila mmoja ataona kwamba mwenzake amekosea.

Sisemi wastani ni kitu kibaya. Ulinzi wake ni kwamba mtu mmoja hawezi kununua hisa mia dakika ya mwisho akapotosha bei ya kufunga ya kampuni nzima. Lakini kanuni ya pivoti haikutungwa kwa ajili yake.

Mwalimu wa Hesabu, Mkomani

Mzee wetu wa Malindi amenifungulia mlango, nami naomba niingie kwa upande wa hesabu, kwa sababu kaka Muuza Barafu ameona kitu kikubwa kisha akakiita sadfa.

Tafuta kwanza katikati ya bei ya juu na ya chini. Katika mfano wako, katikati ya 20.30 na 20.00 ni 20.15, na bei ya kufunga ilikuwa 20.15 vilevile. Bei ya kufunga ikiangukia katikati kabisa, P huwa ni hiyohiyo katikati, R1 huwa ndiyo bei ya juu ya jana na S1 huwa ndiyo bei ya chini ya jana, wala haiwezi kuwa vinginevyo. Ukiifungua kanuni na kuipanga upya utaona kwamba R1 ni bei ya juu ya jana iliyosogezwa, na S1 ni bei ya chini ya jana iliyosogezwa kwa kiasi hichohicho, na kiasi chenyewe ni theluthi mbili za umbali wa bei ya kufunga kutoka katikati. Bei ikifunga juu ya katikati, vyote viwili hupanda. Ikifunga chini yake, vyote viwili hushuka. Hakuna zaidi ya hapo. Nimewahi kuona watu wakilipia mafunzo ya siku tatu ili waelezwe jambo hili kwa maneno ya kutatanisha.

Hapa ndipo maneno ya mzee yanapokaza fundo. Wastani uliopimwa kwa wingi wa hisa, kwa tabia yake, huvutwa kuelekea pale ambapo biashara nyingi imefanyika, na mara nyingi hapo si pembeni, bali ni kati ya bei ya juu na ya chini ya siku. Bei ya mwisho inaweza kugota kwenye kilele cha siku. Wastani haufiki huko isipokuwa hisa zote ziuzwe kwa bei moja. Matokeo yake ni kwamba kwa siku nyingi za Nairobi, R1 na S1 zinazokokotolewa kwa bei rasmi ya kufunga zitakaa karibu sana na bei ya juu na ya chini ya jana, ambazo ulikuwa nazo tayari bila kuhangaika na kikokotoo.

Liko tokeo jingine, nami naliona lina faida zaidi kwa mfuko wako. Kwa kuwa R1 na S1 zimesogezwa kwa kiasi kimoja, umbali kati yao ni sawa daima na masafa ya jana, yaani bei ya juu ukiondoa ya chini. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa chochote, toa bei ya chini kutoka ya juu. Masafa yako yalikuwa senti 30 kwa hisa ya shilingi 20, ambayo ni asilimia 1.5. Gharama zako za kwenda na kurudi ni asilimia 3.6. Hata ungenunua kwenye S1 kamili na kuuza kwenye R1 kamili, bila kukosea hata senti, usingefidia gharama. Jibu hilo ulikuwa nalo kwa kutoa mara moja tu, na P, R na S zote hazikuwa na la kuongeza.

Ndiyo sababu ningekushauri uache pivoti za siku ukatumie za wiki au za mwezi. Chukulia wiki ambayo bei ya juu ilikuwa 20.60, ya chini 19.70, na Ijumaa ilifunga kwa 20.30. P ni 20.20, R1 ni 20.70, S1 ni 19.80, R2 ni 21.10 na S2 ni 19.30. Masafa ni senti 90, karibu asilimia 4.5. Kutoka S1 hadi R1 inabaki faida ndogo baada ya gharama. Kutoka S1 hadi R2 ni shilingi 1.30, na hapo walau kuna biashara ya kuzungumzia. Tena katika wiki, tatizo la wastani hupungua makali, kwa kuwa bei ya juu na ya chini zimetoka katika siku tano, na wastani wa Ijumaa peke yake unaweza kukaa mbali na katikati ya wiki nzima.

Na kuhusu bei inapovunja R1, yaani inapopanda juu yake, wanafunzi wangu huwa nawaambia wainue macho waangalie nyumba zetu za mawe. Dari ya ghorofa ya chini, yenye boriti na matumbawe, ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu. Bei ikiwa chini ya 20.70, R1 ya mfano wetu wa wiki, kiwango hicho ni dari. Ikishapanda juu yake na kukaa, kiwango hichohicho ndicho inachokikanyaga. Walioona wamechelewa kununua huisubiri irudi pale, na waliouza mapema hutaka kurudi ndani kwa bei waliyotokea. Lakini angalia neno «kukaa». Kuchungulia juu ya dari kwa nusu saa, kwa hisa mia mbili, si kupanda ghorofa.

Kijana wa Shela

Shikamooni wazee. Mimi natoa maoni tofauti kidogo. Matatizo yote mliyoyataja, mwalimu na mzee, ni ya soko la nyumbani, na dawa yake ni kuhamia pale ambapo pivoti zina watu wanaozitazama. Mimi nafuatilia hisa za Marekani kwa simu. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu na kufungwa saa tano usiku, na wao wakirudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, huanza saa kumi na moja na nusu na kwisha saa sita usiku. Mtu amekwisha maliza kazi zake za mchana, ameswali, anakaa barazani na chati yake. Bei ya kufunga ya kule hutokana na mnada wa mwisho wa siku, si wastani, na hisa kubwa hununuliwa na kuuzwa kwa mamilioni kila siku, kwa hiyo oda haikai wiki mbili.

Vilevile si lazima kutumia kanuni moja. Ipo ya Fibonacci, ambayo huanza na P ileile, kisha huzidisha masafa kwa 0.382 na 0.618 ili kupata viwango vya kwanza na vya pili. Ipo ya Woodie, ambayo huihesabu bei ya kufunga mara mbili na kugawanya kwa nne. Ipo ya Camarilla, ambayo huanzia kwenye bei ya kufunga na viwango vyake vya kwanza hukaa karibu sana nayo. Mimi huzichora zote, na pale zinapokutana mbili au tatu ndipo ninapopaamini.

Mstaafu wa Malindi

Marahaba, mwanangu wa Shela. Umesema kweli kuhusu mnada wa kufunga na kuhusu wingi wa wanunuzi, nami nakubaliana nawe. Nina mambo mawili ya kupinga na moja la kukuonya.

Kuchora kanuni nne kwa pamoja kunakupa mistari ishirini na zaidi ndani ya masafa madogo. Bei haiwezi kusimama popote bila kuwa karibu na mmojawapo, na hivyo kila inaposimama utajiona umebashiri. Tena kanuni zote hizo zimepikwa kwa namba zilezile tatu. Zikikutana mahali pamoja, hao si mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu mara tatu.

La pili ni swali la kwa nini pivoti ishike hata kidogo. Watu wetu wa pwani hupenda kuifananisha na maji kujaa na kupwa, kwamba ukijua alama ya bamvua ya jana unaweza kukisia maji ya leo yataishia wapi. Mfano huo ni mtamu lakini una kasoro. Maji yana mwezi unaoyavuta, na hayajui kama umechora alama ukutani. Bei haina mwezi wake. Kinachoisimamisha kwenye 19.80, S1 ya mfano wa mwalimu, ni watu walioweka oda za kununua hapo, na wameziweka kwa sababu wamechora alama ileile au kwa sababu nyingine kabisa. Pasipokuwa na wachoraji wa kutosha, alama ni chaki tu. Hisa ya pili ya Muuza Barafu, ile ambayo oda ilikaa wiki mbili, bila shaka ni miongoni mwa hisa ambazo siku nyingine hazibadilishani mikono hata mara kumi. Bei ya juu na ya chini za hisa kama hiyo ni matokeo ya watu wawili au watatu waliohitaji fedha, na ukikokotoa pivoti yake unakokotoa haja za watu hao.

Upo utafiti unaostahili kutajwa hapa. Mchumi Carol Osler, alipokuwa katika Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York, alichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa viwango vya sapoti na ukinzani ambavyo makampuni sita yalikuwa yakiwapa wateja wao katika soko la fedha za kigeni. Alivilinganisha na viwango vilivyobuniwa kwa kubahatisha, na akaona kwamba mwendo wa bei ulikatika mara nyingi zaidi kwenye viwango vya makampuni, na kwamba nguvu ya viwango hivyo ilidumu kwa angalau siku tano za kazi. Lakini nguvu hiyo ilitofautiana kati ya kampuni na kampuni. Baadaye alionyesha pia kwamba oda za kuchukua faida hurundikana kwenye namba kamili, na oda za kukata hasara hurundikana pale bei inapokuwa imezipita kidogo namba hizo. Zingatia kwamba lile ni soko la fedha za kigeni, kubwa kupita yote duniani, na viwango vile havikuwa pivoti peke yake. Kwa mtu wa Langoni funzo lake ni dogo lakini lina kazi: kama S1 yako ni 20.05 na chini yake kuna 20.00, wanunuzi wengi zaidi wako kwenye 20.00.

Na onyo lenyewe ni hili, nalisema kwa upole. Programu nyingi za simu zinazosema unanunua hisa za Marekani hazikuuzii hisa. Zinakuuzia mkataba unaofuata bei ya hisa, kwa fedha ya kukopa, na kila usiku unaoupitisha ukiwa na mkataba huo hukatwa malipo ya mkopo. Soma masharti. Kwa mtu aliyeacha hisa za benki kwa ajili ya dini, malipo hayo ya usiku ni jambo la kumuuliza shekhe wake mapema. Na kabla ya kupeleka fedha popote, hakikisha jina la dalali limo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kijana wa Shela

Nimeangalia masharti usiku huu, mzee. Kweli ni mikataba, na malipo ya usiku yapo, yameandikwa kwa herufi ndogo. Nashukuru. Nitafunga niliyonayo kwanza, kisha nitafute dalali anayeuza hisa zenyewe.

Mwalimu wa Hesabu, Mkomani

Naomba niongeze mambo ambayo yanaweza kuharibu hesabu ya wiki hata kama umeikokotoa sawasawa.

La kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Kampuni ikitangaza gawio na siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na gawio hilo ikapita, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo, kwa sababu mnunuzi mpya halipati. Hapo bei haikuvunja sapoti yoyote. Kama gawio ni senti 65, punguza senti 65 kwenye bei ya juu, ya chini na ya kufunga za wiki iliyotangulia kabla ya kukokotoa, la sivyo utaona S2 imevunjwa ukadhani kampuni imepata balaa. Hisa za nyongeza na mgawanyo wa hisa huhitaji marekebisho ya namna hiyo, ila hapo ni kugawanya badala ya kutoa.

La pili ni mpaka wa soko. Kwa siku za kawaida, bei ya hisa Nairobi hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kutoka bei ya kufunga ya siku iliyotangulia. Baada ya wiki yenye msukosuko, R3 au S3, yaani viwango vya tatu vilivyo mbali zaidi, inaweza kuangukia nje ya mpaka huo, na oda utakayoiweka huko itakataliwa.

La mwisho ni kipimo. Kaka, usituamini sisi wala video. Chukua hisa moja inayouzwa kila siku, andika katika daftari bei za juu, chini na kufunga za wiki 50 zilizopita, kisha kokotoa S1 na R1 za kila wiki. Pembeni yake andika viwango viwili vya kubahatisha, kwa mfano kwa kuokota vikaratasi kutoka kwenye kopo, ilimradi viwe ndani ya masafa yanayolingana. Hesabu ni mara ngapi bei ilifika kwenye S1 ikageuka, na mara ngapi ilifika kwenye kiwango cha kopo ikageuka. Kwanza amua maana ya kugeuka, labda kurudi juu kwa asilimia 2 ndani ya wiki hiyo, na usiibadilishe katikati ya hesabu. Wanafunzi wangu huibadilisha daima wanapoona majibu hayawapendezi. Kama S1 haishindi kopo kwa hisa hiyo, hisa hiyo haina pivoti, hata kama kila hisa ya Marekani inazo.

Muuza Barafu wa Langoni

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Mashua mbili ziliingia kwa pamoja jana, na barafu haingoji mtu asome chati.

Nimeanza na jambo jepesi, kutoa bei ya chini kutoka ya juu. Katika wiki nane zilizopita za hisa yangu ya kwanza, ni wiki tatu tu ambazo masafa yalizidi asilimia 3.6. Wiki tano zilizobaki, hata ningebahatika kwa kila oda kutoka S1 hadi R1, nisingepata kitu. Nimekaa nikiitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nalaumu sapoti, kumbe sapoti ilishika, na mimi ndiye niliyeuza mahali pasipokuwa na nafasi.

Nimebadilisha mpango namna hii. Kwa kuwa ninaikusudia kampuni hiyo kwa miaka kadhaa, sitanunua ili niuze kwenye R1. Nitatumia S1 ya mwezi kuchagua bei ya kununulia tu, ili kila ninapoongeza hisa nisinunue siku ambayo kila mtu ananunua. Ada ya kuuza sitailipa mara kwa mara, na nikikosa bei yangu mwezi huu, fedha itabaki hadi mwezi ujao. Kwa mwezi uliopita S1 yangu ni 19.55, na kwa maneno ya mzee kuhusu namba kamili nimeweka nusu ya oda hapo na nusu kwenye 19.50. Kipimo cha kopo nimekianza, nimefika wiki ya kumi na moja, na mwanangu wa darasa la saba ndiye anayeokota vikaratasi.

Swali moja limebaki kwa mwalimu: kwa pivoti ya mwezi, nitumie wastani wa siku ya mwisho ya mwezi, au bei ya mwisho kuuziwa?

Mwalimu wa Hesabu, Mkomani

Tumia ya wastani kwa sasa, kaka, kwa kuwa ndiyo inayochapishwa na ndiyo watakayoitumia wengine wanaochora alama kama zako. Lakini daftarini weka safu mbili, moja ya wastani na moja ya bei ya mwisho, na ukifika wiki ya 50 uniletee zote mbili pamoja na hesabu za kopo. Nitapita dukani Alhamisi kuchukua barafu ya arusi, unaweza kunionyesha ulipofika.